Je, Wajua Huzuni ya Wimbo Haikai Kwenye Kii?

Abiria anayepanda matatu namba 237 kutoka Thika kwenda Nairobi ana zaidi ya kilomita 40 mbele yake, na yule anayedandia 145 pale Ruiru naye hafiki mjini bila kusikia nyimbo tano au sita. Nyuma ya kila wimbo unaopigwa kutoka kwenye simu ya makanga kuna cheti ambacho msikilizaji haonyeshwi. Programu za muziki zimeupima wimbo huo na kuuandikia mambo matatu: mwendo wake kwa mapigo ya dakika moja, kii yake, na hali yake ya moyo, yaani kama ni wa furaha au wa huzuni. Spotify, iliyoingia Kenya Februari 2021, imekuwa ikiiandika hali hiyo kwa namba kati ya 0 na 1. Wimbo ukiwa karibu na 1 unahesabiwa wa furaha, ukikaribia 0 ni wa majonzi. Mugithi wa mtu mmoja na gitaa lake hupimwa kwa mizani ile ile inayopima aria, yaani ule wimbo wa mtu mmoja ulio ndani ya opera ya Ulaya. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba vipimo viwili vya kwanza vinahusu sauti, lakini cha tatu kinahusu watu, na kukiweka kwenye safu moja na vile viwili ni kosa linaloumiza zaidi muziki wa lugha kama zetu.

Tuanze na vile viwili, maana navyo si imara kama vinavyoonekana. Kii ni ile sauti ambayo wimbo umeifanya nyumbani kwake, hutoka hapo na kurejea hapo. Mwalimu wa kwaya huitoa kwa mdomo au kwa kinanda kabla waimbaji hawajafungua vinywa. Mwendo ni wingi wa mapigo ndani ya dakika. Ukumbini, viwili hivi havijuani: kwaya yaweza kuharakisha bila kupanda, na yaweza kushuka bila kupunguza mwendo. Kwenye sahani ya santuri vilikuwa pacha walioungana. Mawimbi ya sauti yamechongwa kwenye mfereji wa sahani, kwa hiyo sahani ikizunguka haraka zaidi, sindano inasoma mawimbi mengi zaidi kwa sekunde, na mwendo na kii hupanda pamoja kwa kiasi kile kile. Ongeza kasi kwa asilimia 6 tu, na wimbo mzima umepanda nusu toni, hatua moja kutoka kibonyezo hadi kibonyezo cha jirani kwenye kinanda. Zile sahani ndogo za mizunguko 45 zilizobeba benga na nyimbo za Kikuyu miaka ya 1960 na 1970, zikichezwa kwa mizunguko 33 na theluthi, hushuka zaidi ya nusu toni tano. Sauti ya kijana hugeuka ya mzee.

Waliorekodi opera mwanzoni mwa karne ya 20 walikutana na taabu hiyo kabla yetu. Sahani zinazoitwa za mizunguko 78 zilichongwa kwa kasi zilizotofautiana, nyingine zikikaribia 70 na nyingine zikipita 80. Enrico Caruso alipoimba aria 10 mbele ya pembe ya kurekodia katika hoteli moja ya Milan, Aprili 1902, hapakuwa na kasi moja iliyokubaliwa na kampuni zote. Tena waimbaji wa enzi hizo walikuwa na desturi ya kushusha aria ngumu kwa nusu toni ili wafike juu bila kujiumiza. Leo mtu akiicheza sahani kama hiyo kwa kasi iliyozidi kidogo, anairudisha kwenye kii aliyoiandika mtunzi, na kwa kusikiliza sahani peke yake ni vigumu kusema kama ameisahihisha au ameiharibu. Mwendo nao ulikuwa na bwana mwingine zaidi ya mtunzi: sahani ya inchi 10 ilibeba dakika tatu hivi kwa upande mmoja, kwa hiyo aria ndefu ilikatwa au ikaharakishwa ili iingie. Huku kwetu dawa ilikuwa tofauti, na kwa maoni yangu ilikuwa bora: wimbo uligawanywa, sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili, na msikilizaji akainuka kugeuza sahani. Mashairi yakatangulia, gitaa likaachiwa nafasi yake upande wa nyuma, na hakuna aliyelazimika kukimbia.

Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi Novemba 2012, hufanya kazi ile ile ya sahani kila dakika. Matatu haziruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa. Mtu aliyesimama kando ya barabara pale Ruiru, matatu ikimjia kwa kasi hiyo huku muziki umefunguliwa, husikia wimbo ukiwa juu kwa zaidi kidogo ya nusu toni, kwa sababu gari linayafukuza mawimbi yake lenyewe na kuyabana. Likishampita, mawimbi yananyooshwa, na wimbo unashuka chini ya kii yake halisi kwa kiasi karibu kile kile. Mporomoko wote ni zaidi ya nusu toni mbili, na mapigo nayo yanapungua kwa uwiano huo huo. Abiria aliye ndani hasikii badiliko lolote. Wimbo mmoja, katika sekunde chache, umestahili vyeti vitatu tofauti. Na hapa pana jambo la kuzingatia: kii imeshuka na mwendo umepungua, mambo mawili ambayo vitabu vingi vinasema huleta huzuni, lakini hakuna mtu kando ya barabara anayeona kwamba wimbo wa sherehe umegeuka kilio.

Hata jina la kii ni makubaliano tu. Ufaransa iliiwekea sauti A mitetemo 435 kwa sekunde mwaka 1859. Mkutano uliofanyika London mwaka 1939 ukaafikiana juu ya 440, na hicho ndicho kiwango kinachotumika sana leo. Wanaopiga ala za kale za Ulaya mara nyingi huziweka 415, nusu toni kamili chini. Kwa hiyo aria iliyoandikwa katika C, ikipigwa kwa ala hizo, mashine itaiandika B, na mtunzi na mashine wote watakuwa wamesema kweli. Kwaya za makanisa za Thika na Ruiru zinalijua jambo hili bila kuhesabu mitetemo, kwa sababu zinasoma solfa, na katika solfa do haina makao ya kudumu. Juu ya karatasi huandikwa do ni F, au do ni G. Mwalimu akiona soprano wamechoka baada ya ibada mbili, anaishusha, na wimbo haupotezi kitu. Mpiga mugithi naye hufunga kibanio kwenye shingo ya gitaa, akakisogeza kifua kikimkatalia, na wanaocheza wameshikana viuno kama mabehewa (mugithi kwa Kikuyu ni gari moshi, na reli ya tawi la Thika ina zaidi ya miaka 100) hawakosei hatua kwa sababu ya nusu toni.

Sasa tufike kwenye hali ya moyo, na shahidi wangu mkuu ni aria moja ambayo imekuwa ikiwasumbua wenye kujadili muziki kwa zaidi ya miaka 200. Christoph Willibald Gluck alitoa opera yake kuhusu Orfeo mjini Vienna tarehe 5 Oktoba 1762. Orfeo amemfuata mkewe kuzimu, amekatazwa kumtazama njiani, amegeuka akamtazama, na mkewe amekufa mara ya pili mikononi mwake. Hapo ndipo anaimba "Che farò senza Euridice", akiuliza atafanya nini bila yeye. Mtu angetegemea maina, ile ngazi ya sauti ambayo shule za Ulaya huifundisha kuwa ya huzuni. Gluck aliandika C meja, ngazi nyeupe kabisa ya kinanda, ile anayoanzia mtoto. Alipoitengeneza upya kwa Kifaransa mwaka 1774 aliipeleka F, lakini ni meja bado. Eduard Hanslick, katika kitabu chake cha mwaka 1854 kuhusu uzuri wa muziki, alirudia hoja ya mtu wa enzi za Gluck mwenyewe: badilisha neno moja, Orfeo aseme amempata Euridice badala ya kumpoteza, na sauti zile zile zitafaa, pengine zaidi. Hanslick alitaka kuthibitisha kwamba muziki wenyewe hausemi huzuni wala furaha. Sikubaliani naye mpaka mwisho, na sababu yangu nitaitoa, lakini ushahidi wake haujawahi kuvunjwa.

Ushahidi wa pili uko nyumbani, na una uzito kuliko wa Hanslick kwa sababu haukuwa jaribio la mezani. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa miaka ya 1950, Wakikuyu wa nchi hii ya Kiambu na Murang'a waliopigania ardhi na uhuru waliimba nyimbo zao za Mau Mau kwa tuni za tenzi za kanisa. Mzungu asiyejua Kikuyu, akipita karibu na mkusanyiko, alisikia tuni aliyoimbiwa utotoni na akaenda zake akiwa ametulia. L. S. B. Leakey, aliyekijua Kikuyu tangu utoto, ndiye aliyewaeleza wakoloni wenzake katika kitabu cha mwaka 1954 kwamba tenzi hizo hazikuwa tenzi walizozidhania. Pima tuni hizo kwa mashine yoyote ya leo: kii ni ile ile, mapigo ni yale yale. Kwa mmoja ilikuwa sala ya Jumapili, kwa mwingine ilikuwa kiapo. Pale ambapo neno moja la Hanslick liligeuza msiba kuwa arusi kwenye karatasi, hapa maneno yaliigeuza tuni kuwa jambo ambalo watu waliweza kufungwa kwa ajili yake.

Mtu mwenye busara atapinga, na pingamizi lake la kwanza ni zito. Atasema mwendo angalau una nguvu ya kweli juu ya moyo, na atamwita Gluck mwenyewe kuwa shahidi. Katika maneno ya utangulizi wa opera yake nyingine, mwaka 1770, Gluck alionya kuhusu aria hii hii kwamba ukiigusa kidogo tu namna ya kuiimba, ukaharakisha pasipostahili au ukashika sauti kupita kiasi, itageuka dansi ya vikaragosi. Mwaka 2009 watafiti walioongozwa na Thomas Fritz waliwasikilizisha watu wa Mafa, wa milima ya kaskazini mwa Cameroon, vipande vya kinanda vya Ulaya. Watu hao hawakuwa wameuzoea muziki huo, lakini walitambua vya furaha, vya huzuni na vya kutisha kwa kiasi kinachozidi kubahatisha, na mwendo ulikuwa mojawapo ya alama walizozitumia. Nakubali yote haya. Mwili una mapigo yake, pumzi na hatua za miguu, na muziki unaokwenda haraka huuamsha kabla akili haijatoa hukumu. Lakini kuamshwa si kufurahi. Mtu mwenye hasira ameamshwa, na mwenye hofu pia. Anayeomboleza kwa kupiga kelele moyo wake unakwenda mbio kuliko wa bwana arusi. Mwendo hueleza nguvu ya hisia, hauelezi hisia yenyewe. Onyo la Gluck nalo, likisomwa vizuri, lipo upande wangu: kama kubadilisha namna ya kuimba kunaigeuza aria wakati kii na noti zimebaki, basi huzuni haikuwa imehifadhiwa kwenye noti.

Pingamizi la pili linasema maina ni ya huzuni kwa maumbile. Hili nadhani limechoka. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti uliofanywa Papua New Guinea, katika bonde la Uruwa, na jamii zenye mazoea madogo kabisa ya muziki wa Magharibi hazikuonyesha kwa uhakika kwamba zinaiona meja kuwa ya furaha kuliko maina. Hakuna haja ya kwenda mbali hivyo. Wimbo wa Taifa wa Kenya uko katika maina, jambo lisilo la kawaida kwa nyimbo za mataifa, na tuni yake ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa Tana River wa kumbembelezea mtoto alale. Maina ile ile ilikuwa usingizi mikononi mwa mama. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 1963 ikawa bendera inayopanda. Na inapoimbwa kwenye mazishi ya kitaifa ni maombolezo. Kitabu cha Ulaya kitaona huzuni katika zote tatu. Aliyelelewa nayo anajua ni lini ni ipi.

Basi mashine inaipata wapi namba yake ya furaha? Swali hili lina jibu la wazi. The Echo Nest, kampuni iliyonunuliwa na Spotify mwaka 2014, ilieleza kwamba wajuzi wa muziki walisikiliza nyimbo za mfano na kuziweka katika mafungu ya furaha na huzuni, kisha kompyuta ikajifunza kuueneza uamuzi huo kwa nyimbo nyingine zote. Namba inayokaa kando ya kii na mapigo kana kwamba imepimwa kwa rula, asili yake ni hukumu ya binadamu fulani waliokaa chumba fulani. Mimi siwalaumu, hakuna njia nyingine. Ninachouliza ni kama walijua kwamba benga husimulia kifo huku magitaa yakikimbia, na kwamba mfiwa wa Gatanga haoni kinyume chochote katika kuyumba mabega na kulia kwa wakati mmoja. Mashine isiyosikia Kikuyu inasikia gitaa kali na mapigo ya haraka, inauandikia wimbo wa msiba namba ya sherehe, na orodha ya nyimbo za Ijumaa jioni inaupokea. Msikilizaji wa Oslo anacheza kilio cha mtu bila kujua. Kibaya zaidi, msikilizaji wa Ruiru anayetafuta nyimbo za kumfariji hauoni, kwa sababu umehifadhiwa rafu nyingine.

Vipimo vya kii na mwendo navyo hukwama hapo hapo, ingawa vinajivunia uhakika. Programu nyingi za kutafuta kii hulinganisha wimbo na violezo 24, meja 12 na maina 12, vilivyojengwa juu ya masikio yaliyozoea muziki wa Ulaya. Wimbo wa ngazi ya sauti tano usio na ile sauti inayoipambanua meja na maina bado unasukumwa kwenye mojawapo. Mapigo yanayokwenda kwa matatu na kwa mawili kwa pamoja, kama yalivyo mengi ya Afrika Mashariki, huifanya mashine ihesabu mwendo mmoja mahali ambapo wachezaji wanahesabu mwingine. Mwomboko, ulioshamiri miaka ya 1940 kwa akodioni na duara la chuma linaloitwa karing'aring'a, ni hatua mbili na kugeuka. Miguu ya wazee inajua pigo la kwanza liko wapi hata chuma kikigongwa mahali pengine. Na pale Thika penyewe, ambapo mito ya Chania na Thika inakaribia kukutana kwenye maporomoko ya Blue Post, kuna sauti isiyo na kii wala mapigo hata kidogo, maana maji yanayoanguka hutoa karibu mitetemo yote kwa pamoja bila mpangilio. Watu wamekuwa wakienda kukaa karibu nayo, kwenye hoteli iliyoanzishwa mwaka 1908, kutafuta utulivu. Hali ya moyo ipo, tele, pasipo vipimo vile viwili.

Linabaki pingamizi la tatu, na hili naliheshimu kuliko yote: kwamba tumeisahau sauti ya mwimbaji. Kweli, kinachomfanya Hanslick asiwe sahihi mpaka mwisho ni koo la binadamu. Kathleen Ferrier, mwimbaji wa Uingereza mwenye sauti nzito ya kike, aliirekodi aria ya Gluck kwa Kiingereza mwaka 1946, na anayesikiliza sahani ile hahitaji kuambiwa kwamba mtu amepoteza mtu, hata kama C meja inasema vingine. Pumzi inayocheleweshwa, neno linalotolewa kwa uzito kidogo, sauti inayofifia pale ilipotarajiwa kupanda: haya yamo kwenye mfereji wa sahani, na huenda siku moja mashine ikajifunza kuyasoma. Lakini hata hapo msikilizaji anaongeza chake. Februari 1953 Ferrier alisimama Covent Garden kumwimba Orfeo akiwa na saratani, na katika onyesho la pili mfupa wa mguu wake ukavunjika jukwaani; akaimba mpaka mwisho. Oktoba mwaka huo alifariki. Sahani ya 1946 haikuguswa na mtu, na bado waliokuwa nayo nyumbani hawakuisikia tena kama walivyoisikia siku walipoinunua.

Thika ina mfano wake, na una tarehe. John De'Mathew, mwanabenga wa Gatanga aliyeimba kwa Kikuyu, alifariki katika ajali ya gari hapo Thika tarehe 18 Agosti 2019, karibu na Blue Post. Nyimbo alizokwisha kurekodi, za mapenzi, za siasa, za kuwaasa vijana, zikawa nyimbo za marehemu katika usiku mmoja. Zilipigwa wiki hiyo kwenye redio na kwenye matatu, na waliozijua kwa miaka mingi walizisikia zikiwa na uzito ambao haukuwemo Jumamosi. Matatu bado zinapita mahali pale, maporomoko yakiwa hatua chache tu kando ya barabara, na kipimo chochote kikiwekwa mbele ya spika zake kitasoma kii ile ile na mapigo yale yale aliyoyaacha studio.